Nilisema Nimeigusa, Ina Joto

Ko! Ko! Ko-ko-krrrrr!

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Kama mtu kamwaga kokoto kwenye mashine ya kusaga mahindi, halafu akaondoka zake. Haikumaliza hata dakika moja, lakini mimi mpaka leo naisikia. Nikiosha vyombo, naisikia. Kanisani kwaya ikinyamaza kidogo, naisikia.

Kosa ni langu. Nasema mapema ili usije ukasoma mpaka katikati ukadhani nitamtafuta mtu wa kumsukumia. Hakuna. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Dada unayesimamia ukurasa huu, naomba jina langu lisitoke. Sumbawanga mji mdogo, na mafundi wa viyoyozi wa kike tunahesabika kwa vidole, tena vinabaki. Watakaokuwa na akili watanijua tu. Lakini acha wanijue kwa kubahatisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu. Shule niliishia kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee. Nikaenda kozi fupi ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Watu walicheka jamani! Mama mkubwa aliniuliza, "Mwanangu, Sumbawanga hii hii? Watu tunalala na mablanketi mawili, wewe unakwenda kusomea kuuza baridi?"

Nilikuwa sijali. Mimi ni mtu wa ndoto. Nilishaliona gari langu, pikapu nyeupe, ubavuni imeandikwa jina langu na picha ya barafu. Nilishachagua mpaka rangi ya maandishi.

Fundi aliyenipokea baada ya kozi nitamwita Kasiano. Siyo jina lake. Ni baba mtu mzima, Mfipa wa hapa hapa juu, mpole, mikono mikubwa kama sepetu, lakini ukimpa bomba la shaba la kuunganisha, utadhani anadarizi kitambaa cha altare. Miaka miwili nilimbebea mitungi. Hakuwahi kunifokea mbele za watu. Akitaka kunisema alinivuta pembeni: "Binti, njoo nikunong'oneze." Hapo ujue umeharibu.

Mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, tukapata kazi kubwa kuliko zote. Hoteli mpya ya ghorofa tatu. Mashine mbili kubwa juu ya paa, vichwa ishirini vya kupuliza hewa ndani ya vyumba, vyote vimeunganishwa kwa mabomba ya shaba. Na siyo ya baridi tu: ukigeuza inatoa joto. Mwenye hoteli alitaka mgeni akitoka Dar asitetemeke. Kampuni iliyochukua kazi ilitoka Mbeya, na injinia wao kijana, sisi tulimwita Injinia tu. Kasiano ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mabomba. Mimi msaidizi, na mwandishi wa fomu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kila kitu tulikifanya vizuri. Kila kichwa tulikimwagia maji kwenye trei yake kuona kama yanatoka nje au yanamdondokea mgeni kitandani. Mabomba yalikaa na presha siku nzima, mshale haukushuka hata unywele. Nilikuwa naandika mpaka raha.

Ikabaki kuwasha.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Mashine hizi kubwa huziwashi tu kama feni. Unawasha swichi kubwa ya umeme kwanza, unaiacha kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi bila kuigusa. Ndani kuna hita ndogo inayopasha oili ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kasiano alinieleza kwa mfano wake:

"Kompresa ni kama mzee wa huku kwetu asubuhi ya baridi. Usimtoe kitandani ukampa jembe. Mpe kwanza uji wa ulezi, apate joto. Ikiwa ya baridi, gesi inateremka inajificha kwenye oili. Ukiiwasha hivyo, vyuma vinasagana vikavu. Inakufa unaitazama."

"Nimeelewa, fundi."

"Huku kwetu baridi ni kali kuliko kitabu chao. Tunawasha leo saa kumi jioni, hakuna kugusa mpaka kesho. Andika."

Nikaandika. *Umeme umewashwa saa 10 jioni.* Halafu akaniambia neno lililonifanya niruke ngazi mbili mbili wakati wa kushuka: "Kesho kitufe utabonyeza wewe."

Mimi! Mbele ya Injinia, mbele ya mwenye hoteli, na padri alikuwa aje saa tatu kubariki jengo!

Nikaenda nyumbani Malangali nikiimba.

Haijafika saa kumi na mbili, ngurumo zikaanza. Wewe uliyekulia Ufipa unajua radi za huku hazina salamu. Kwetu ngurumo ya kwanza tu, mama anapita kila chumba: zima redio, chomoa simu, funika kioo, kaa mbali na dirisha. Na sisi tuna sababu. Baba yangu mdogo alipigwa na radi huko Kaoze, redio ikiwa inaimba mezani. Nilikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo, mimi nikisikia ngurumo na kitu chochote kimewaka, moyo unanienda mbio.

Mama akaita, "Umezima vyote?"

"Nimezima, mama."

Lakini siyo vyote. Nikaziwaza zile mashine mbili, juu kabisa ya paa, ndefu kuliko kila kitu mtaani, zimewashwa. Nikawaza zinavyoungua. Nikamwaza Kasiano anavyolia.

Nikachukua mtandio, nikatoka mbio. Hoteli siyo mbali. Mlinzi akaniona nimelowa. "Mwanangu, umesahau nini?"

"Shikamoo baba. Kofia."

Nikaingia chumba cha umeme, nikashusha swichi kubwa. Tak. Nikapumua. Unajua nilijisikiaje? Nilijisikia shujaa! Kweli kabisa. Nilirudi nyumbani najipongeza kwamba nimeokoa kazi ya watu. Habari ya hita, habari ya uji wa ulezi, vilifutika kichwani kana kwamba sijawahi kuvisikia. Hofu ni mwalimu mbaya, inafuta ubao wote.

Radi haikupiga popote. Ikaguruma ikateremkia bondeni Rukwa.

Nilikumbuka asubuhi, nikiwa nanawa uso. Maji yalikuwa ya baridi, na nadhani ni ile baridi ndiyo iliyonikumbusha. Mungu wangu! Sikunywa chai. Nilifika saa moja kasoro, nikapandisha swichi. Nikapanda juu ya paa, nikaweka kiganja kwenye kifuniko. Bati lilikuwa kama limetoka mtoni.

Hapo hapo ningesema. Wasomaji wenzangu, hapo palikuwa na mlango upana wa kanisa. "Fundi, jana nilizima, niliogopa radi, tungoje mpaka jioni." Basi. Wangenicheka. Padri angebariki jengo bila kiyoyozi, wala Mbingu zisingefungwa.

Lakini Injinia alishanitania wiki nzima. "Nyie watu wa Sumbawanga na radi zenu! Kuna radi ya kutumwa leo?" Alikuwa anacheka kila anapozitaja. Nikaona nitakuwa hadithi yake ya kupeleka Mbeya: binti wa kijijini aliyezima mitambo kwa kuogopa radi. Na kitufe changu kingeondoka.

Saa mbili wakafika. Manyunyu, kila mtu kajikunyata. Kasiano akaniuliza, "Umeme umelala umewaka?"

"Umelala, fundi."

Injinia akatazama saa. "Fundi, tusichelewe, padri anakuja."

Kasiano akatoa bisibisi mfukoni, akainama. "Ngoja nifungue niiguse tumbo. Mimi bila kugusa siwashi."

Angeigusa angejua. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye skrubu ya kwanza. Nikasema, kwa sauti nzuri kabisa, tena nikitabasamu:

"Nimeshaigusa, fundi. Ina joto."

Akanitazama. Siyo kwa mashaka. Kwa fahari! Akarudisha bisibisi mfukoni. Akamwambia Injinia, "Huyu sasa ni fundi. Anatangulia kabla hujamtuma."

Nikabonyeza.

Kwanza ikavuma vizuri. Vichwa vikaanza kufungua midomo kimoja kimoja huko chini, nikasikia wahudumu wanapiga vigelegele. Halafu ndipo ko, ko, ko-ko-krrrrr. Kasiano alikimbia kama kijana. Akazima. Paa lote likanyamaza, yakabaki manyunyu.

Kompresa ya mashine ya kwanza ilikufa.

Injinia akaomba fomu. Akasoma mwandiko wangu unaosomeka. Umeme tangu saa kumi jana jioni, saa kumi na sita na zaidi. "Hapa hakuna tatizo," akasema. "Oili ilikuwa ya moto. Basi tatizo ni uchafu. Kuna masizi kwenye mabomba."

Nieleze kidogo. Ukiunganisha bomba la shaba kwa moto, ndani unapitisha gesi ya naitrojeni taratibu. Usipopitisha, ndani panaota masizi meusi, yanasafiri yanakwenda kuua kompresa. Fundi mvivu anaruka hatua hiyo. Kasiano hajawahi kuiruka tangu nimjue.

"Nilipitisha kila kiungo," Kasiano akasema. "Huyu binti ndiye aliyeshika mtungi. Mwulize."

Injinia akanigeukia. "Vyumba vyote ishirini ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Vyote. Kwa mikono yangu hii nilifungua na kufunga ule mtungi, chumba hadi chumba. Lakini nikaona kama nikimtetea sana wataniangalia mimi, wataanza kuuliza mengine. Nikasema:

"Vingi."

Neno moja. Silabi mbili! Kasiano alinitazama kama mtu aliyeitwa na jina lisilo lake. Hata hakuniita pembeni aninong'oneze.

Hakumaliza wiki pale. Walimwambia akapumzike. Mji mzima ukajua Kasiano kaua mtambo wa hoteli. Kazi za benki, za maduka, zote zikamkwepa. Baadaye nikasikia kateremka Mtowisa, anatengeneza friji za soda na kuziba pancha za baiskeli.

Na mimi? Mimi nilipandishwa! Nilipewa kofia nyeupe. Kompresa mpya ikaja, safari hii umeme ukalala umewaka kweli, nikakaa karibu nayo kama ninauguza mgonjwa. Ikawaka. Joto likatoka vyumba vyote ishirini. Watu wakapiga makofi. Mwenye hoteli akanikumbatia, "Mwanangu umetutoa aibu!"

Nikaenda kulia chumba namba tatu.

Nilichoka. Sijui nielezeje. Siyo uchovu wa kubeba mitungi, huo unalala unaisha. Nilikuwa naamka nimechoka. Kucheka kwangu kule kukawa kazi. Ile pikapu nyeupe sikuiona tena, nikifumba macho naona bisibisi inarudi mfukoni.

Nilimweleza mama. Mama alikuwa anapembua maharage. Akasema, "Nyamaza, mwanangu. Kazi ziko wapi siku hizi? Na radi ile, mimi ndiye niliyekufundisha kuiogopa." Akaendelea kupembua. Nikaona na yeye nimemtwika.

Mwezi wa sita nikaomba ruhusa, nikateremka Mtowisa. Njia ile inakutikisa mpaka meno. Unatoka huku juu na sweta, ukifika bondeni unalivua, joto linakukumbatia bila kuombwa. Nilimkuta chini ya banda la makuti, amefungua friji, kavaa singlendi. Amekonda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akanisogezea kigoda. "Huko juu hamjambo? Mama yako?"

"Hajambo."

Nikashindwa. Akanipa maji nikanywa. Akaniuliza habari za mahindi, kama tumevuna. Upole wake ulinichoma kuliko matusi! Mwisho nikasema bila hata kuanza vizuri: "Fundi, umeme haukulala. Niliuzima mimi. Niliogopa radi. Na mashine sikuigusa ndani, nilikudanganya. Na vyumba nilikuwepo vyote."

Akaweka koleo chini. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele.

Akasema polepole, "Mimi nilishaamua ni chumba cha kumi na moja."

"Fundi?"

"Nimekaa hapa miezi mitatu navihesabu vile viungo. Kimoja kimoja. Nikajiambia, Kasiano, umezeeka, kuna mahali mkono ulikosea. Nikatafuta nikatafuta. Nikaona ni kumi na moja, siku ile mtungi ulikuwa unakaribia kuisha, labda gesi ilikatika sikuona. Nikakubali." Akaitazama mikono yake. "Tangu hapo sijashika moto. Watu wanaleta friji zinazovuja, nawaambia pelekeni kwingine."

Akaokota koleo, akalirudisha chini. Halafu, "Kumbe haikuwa kumi na moja."

Jamani. Nilijua nimemnyang'anya kazi. Nilijua nimemnyang'anya jina. Sikujua kama nimemnyang'anya mikono yake mwenyewe. Mtu huyu alinihukumu? Hapana. Alijihukumu yeye, kwa kosa langu!

Nikapiga magoti pale vumbini. Akasema, "Inuka, watu wanatazama. Injinia umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Nenda."

Hakusema amenisamehe. Na wewe unajua desturi yetu: mgeni anasindikizwa, hata mwenye deni kwako unamfikisha njiani. Hakunisindikiza. Nilitembea mwenyewe mpaka stendi, sikugeuka nyuma, kwa sababu nilijua nikigeuka nitakuta ameshainamia friji.

Jumatatu nikamweleza Injinia, mbele ya mafundi wenzangu, maana neno "vingi" nililisema mbele za watu. Safari hii hakucheka habari za radi. Alikaa juu ya boksi la vifaa, akashika kichwa. "Na mimi ndiye niliyesema tusichelewe," akasema. Halafu akaniambia nivue kofia niende nyumbani. Nilimwelewa.

Nasikia alimpigia Kasiano siku hiyo hiyo, akamwomba radhi, akamwita kazini Mbeya. Kasiano alimjibu asante, ila mkono bado haujarudi. Nasikia tu. Mimi hapokei simu yangu, na sipigi tena.

Hiyo ndiyo bei, na siyo mimi peke yangu ninayeilipa.

Wewe unayesoma, na hasa nyinyi wadogo zangu mnaojifunza kazi kwa watu: kuogopa siyo dhambi. Kuzima swichi kwa hofu siyo dhambi kubwa. Sema tu! Sema asubuhi ile ile, ukiwa bado umelowa aibu. Cheko la Injinia linaisha saa nne, mnakunywa chai. Lakini usimwambie mtu anayekuamini "nimeshagusa" wakati hujagusa. Ukimzuia mtu mkono wake kwa uongo, usidhani atakuja kukulaumu wewe. Atakwenda mbali, atakaa peke yake, na atajilaumu yeye kwa kosa lako. Na hapo utamrudishia nini?

Siku hizi natengeneza friji ndogo ndogo mtaani, kwa wanaonivumilia. Juzi mama mmoja anayeuza samaki wa Tanganyika alileta friza, wameilaza kwenye pikapu kutoka huko Kasanga mpaka hapa. Nikaisimamisha.

"Washa basi, binti, samaki wangu wanaharibika!"

"Bado, mama. Ililazwa. Oili haijarudi mahali pake, tungoje mpaka saa nane."

"Mpaka saa nane? Wenzako wanachomeka tu inawaka!"

"Ninajua, mama. Mimi siwashi."

Akasonya. Akaondoka kutafuta barafu, akisema fundi gani huyu anayekaa tu.

Nikageuza ndoo, nikaikalia kando ya friza. Plagi nikaiweka mapajani, nikaishika kwa mikono miwili, nikangoja.